Siumwi, Bima ya Nini?

Kauli hiyo naisikia kijiweni, kwenye daladala, hata kwa watu waliosoma. Husemwa kwa kujiamini, kana kwamba msemaji amepiga hesabu. Hajapiga.

Mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana. Kila mwezi mweka hazina hupita na daftari lake. Unatoa shilingi 2,000, jina lako linawekewa tiki. Sijawahi kumsikia mtu akisema, "Mwaka huu sijafiwa, nirudishieni changu." Na anayeomba kuandikishwa wakati baba yake yuko mochwari hupewa pole, husaidiwa kuchimba kaburi, lakini haandikwi. Hakuna anayeuona huo kuwa ukatili. Wakiingia wafiwa peke yao, mfuko utakauka kabla ya arobaini ya marehemu wa kwanza.

Likija suala la matibabu, tunajisahaulisha. Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walingoja mtoto augue ndipo wakimbilie kadi, wale wazima wakaachwa nyumbani. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukataka wasajiliwe kupitia shule au vifurushi vya familia. Tukaulaani mfuko usiku na mchana. Mfuko wa wagonjwa watupu ungelipwa na nani?

Ndiyo maana naiunga mkono Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inapotaka kila mtu awe na bima, na asiye na uwezo alipiwe. Hiari tumeijaribu.

Najua nitakavyojibiwa: kadi unayo, dawa hakuna. Ni kweli, yamenikuta. Dirishani nilirudishiwa karatasi, dawa mbili kati ya tatu zimezungushiwa wino: kanunue nje. Inauma, na serikali inayomlazimisha mtu kuchangia haina haki ya kumrudisha mikono mitupu. Tuibane kwa hilo bila huruma. Lakini rafu tupu hazitajaa kwa sisi wazima kukaa pembeni.

Jirani yangu fundi alikuwa bingwa wa kauli hiyo ya "siumwi". Mkewe alipohitaji upasuaji wa haraka, tulichanga kwenye grupu hadi tukaishiwa, na bado haikutosha. Akauza cherehani zote mbili. Mnunuzi alikuja na bajaji asubuhi kuzichukua, na ukutani bado zimetundikwa sare za watoto wa shule, zimekatwa, hazijashonwa.