Sauti ya Lemmy Haiuzwi kwa Kubofya

Jamani, leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Au niseme, nayaweka kando nusu.

Kijana mmoja ninayemfahamu alimaliza akiba yake kununua programu inayojigamba kuwa itampa sauti ya besi ya Lemmy Kilmister wa Motörhead kwa kubofya mara moja tu. Akachomeka gitaa, akabofya, akapiga. Ikatoka sauti ya nyuki ndani ya debe. Sasa anataka kununua nyingine! Nikamwambia: mdogo wangu, hapo unaliwa.

Hebu tuangalie ukweli. Lemmy (1945–2015) alikuwa mpiga gitaa la kawaida kabla ya kujiunga na Hawkwind mwaka 1971 na kukabidhiwa besi. Kifaa kilibadilika, mkono haukubadilika. Aliendelea kupiga kwa kipande cha plastiki badala ya vidole, kwa nguvu, mara nyingi nyuzi mbili au zaidi kwa pamoja. Ndiyo maana katika Ace of Spades ya 1980, bendi ya watu watatu yenye mpiga gitaa mmoja inasikika kama ina wawili.

Halafu kuna vifaa: besi ya Rickenbacker na amplifaya ya Marshall Super Bass iliyofunguliwa mpaka valvu zikazidiwa. Sauti nzito aliipunguza hadi sifuri, nyembamba sifuri, za kati mpaka mwisho. Wengi hudhani ni mzaha. Sio mzaha, ni uhandisi! Ukizisukumia valvu zilizozidiwa sauti nzito nyingi, zinatoa matope. Ikatwe kabla haijafika kwenye valvu za mwisho, ndipo noti zinasikika hata zikikwaruza.

Sisi wa tarakilishi tunajua: takataka ikiingia, takataka hutoka. Programu inaiga amplifaya, haiigi mkono. Mkwaruzo hutegemea nguvu inayoingia. Ukipapasa nyuzi kwa woga, valvu hazizidiwi, ziwe za kioo au za hesabu.

Wapo watakaosema naichukia dijitali. La hasha! Guitarix ni programu huria ya Linux inayoiga amplifaya, na haina bei. Itumie. Na ninyi mnaoshikilia kwamba bila Marshall halisi haiwezekani, mmepotea njia ileile: nanyi mnadhani ufundi unauzwa dukani.

Ninachopinga ni ahadi. Anayeuza "sauti ya Lemmy" anamfundisha kijana kwamba tatizo lake ni pesa, kumbe tatizo lake ni mazoezi. Na kijana asiye na pesa anakata tamaa kabla hajaanza.

Kabla ya kununua chochote, jirekodi kwa Audacity, bila kuongeza chochote. Piga nyuzi mbili kwa pamoja kwa dakika tatu bila kulegea. Kama mkono umechoka dakika ya kwanza, umeshajua dawa.

Unapinga? Niandikie hapo chini. Lakini jirekodi kwanza!