Kukimbia Si Kipimo cha Ubongo

Ati jaa la taka la Mwakirunge, Mombasa, halijawadhuru watoto, kwa kuwa wanakimbia na kucheka kama wenzao! Huko ni kupima joto kwa rula. Sumu ninayoihofia humo, madini ya risasi, haitoi upele; hudhuru ubongo.

Gamba la ubongo huanza kujengwa tumboni. Seli mama, ambazo alama yake ni protini ya PAX6, huzaa seli za kati zenye TBR2, nazo huzaa neuroni zinazopanda tabaka kwa tabaka zikielekezwa na protini ya riilini. Mtoto akizaliwa, neuroni karibu zote za gamba hilo zipo tayari. Risasi, itokayo kwenye betri kuukuu na rangi za zamani, hujifanya kalisiamu, huvuka kondo la nyuma na kuvuruga vipokezi vya NMDA, vinavyotumika kujifunza. Hata iliyolala mifupani mwa mama tangu usichana wake huamka akishika mimba. Nani ataliona hilo uwanjani?

Owino Uhuru, mtaa mwingine wa Mombasa, nako watoto walicheza. Kilichofichua sumu ya kiwanda cha betri ni damu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha baada ya kutenguliwa kwenye rufaa.

Mwakirunge si Owino Uhuru, nakubali. Basi tuletewe vipimo vya damu vya watoto wanaookota vyuma jaani. Shirika la Afya Duniani linataka hatua zichukuliwe kuanzia maikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, na linasema hakuna kiwango salama kinachojulikana.