Ati mtoto atachagua dini mwenyewe? Mpe kwanza cha kuchagua

Kuna kauli imeshika sana siku hizi miongoni mwetu tulio na miaka ishirini na kitu, thelathini hivi. Utaisikia kwenye matatu ya Rongai, utaisikia kwenye sherehe ya kumkaribisha mtoto, utaisoma chini ya picha ya kichanga mtandaoni: "Wangu sitamlazimisha dini. Akiwa mkubwa atachagua mwenyewe." Watu wanaweka vijimoyo vyekundu, maneno yanaishia hapo. Huenda nawe umewahi kuisema. Mimi niliisema, tena kwa sauti, mbele ya mama yangu ambaye ni Msabato wa kuzaliwa.

Sasa nina binti wa miaka mitano na naomba kuyameza maneno hayo.

Aliyenibadilisha si mhubiri wala kitabu. Ni mama mmoja wa duka mjini Migori, aliyekuwa akiwafundisha watoto wake sala na hadithi za Kihindu kila Jumapili jioni nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Kisha binti yangu akaniuliza nani aliwatengeneza mbu na kwa nini, nikagundua sina jibu, na sina hata hadithi ya kumtuliza nayo.

Wengi wenu mkisikia Mhindi mnafikiria Parklands. Lakini reli ilipofika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, kuna wafanyabiashara wa Kihindi ambao hawakukomea hapo. Waliendelea hadi Kendu Bay, Homa Bay na vijisoko vya ndani, wakafungua maduka ya chumvi, mafuta ya taa na vitambaa. (Na si wote ni Wahindu. Wamo Waislamu, Masingasinga na Wajaini, ni vile sisi tunawaweka kwenye gunia moja kwa uvivu.) Serikali iliwatambua kuwa kabila la 44 mwaka wa 2017. Mama ninayemzungumzia alikuwa ameshakuwa Mluo kitambo. Tulimwita Masi, maana yake kwa Kigujarati ni dada ya mama, na Dholuo yake ilikuwa safi kuliko yangu. Ukijaribu kukopa sukari mara ya pili kabla ya kulipa ya kwanza, alikutaja jina la babu yako.

Hekalu hawakuwa nalo karibu. Kwa sherehe kubwa kama Diwali walipanda gari hadi Kisumu, safari ndefu ya kupitia Kisii na Oyugis. Shuleni nako hakukuwa na mwalimu wa dini yao. Mtaala wa Kenya una somo la Elimu ya Dini ya Kihindu, linalobeba pia Ujaini, Ubudha na Usikh, lakini sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu 60,000 na kitu nchi nzima. Nani atampeleka mwalimu Migori kwa ajili ya watoto watatu? Kwa hivyo rafiki yangu, kitinda mimba wa Masi, alikaa nasi katika CRE, na cha kuudhi ni kwamba alitushinda. Alimjua Nabii Elisha na dubu wake vizuri kuliko sisi tuliokwenda Shule ya Sabato kila wiki.

Basi Masi akajitengenezea darasa lake. Saa kumi Jumapili anafunga duka, anatandika mkeka nyuma, katikati ya magunia ya sukari. Watoto wake watatu, binamu zao wa Homa Bay wakija kutembea, na mimi, kwa sababu Jumamosi nilishamaliza kanisa na Jumapili sikuwa na la kufanya. Anawasha taa ndogo ya samli mbele ya picha ya Ganesh. Wanasoma sala kwa Kisanskriti, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeielewa mwanzoni, kisha Masi anaeleza mstari mmoja, mmoja tu, kwa Kigujarati halafu kwa Dholuo kwa ajili yangu. Baadaye hadithi. Mwisho kila mtu anapewa kitu kitamu kilichokuwa kimewekwa mbele ya picha. Sitakudanganya, mwanzoni nilienda kwa sababu ya hicho kitamu.

Lakini hadithi zilinishika. Kulikuwa na ya Nachiketa, kijana ambaye baba yake aliamua kutoa ng'ombe sadaka. Kijana akatazama, akaona baba anatoa ng'ombe wazee, waliokauka maziwa. Mtoto yeyote wa Kijaluo anajua hiyo ni aibu gani, ukiwapeleka ng'ombe hao kwa wakwe mtafukuzwa nao. Nachiketa akamuuliza baba: na mimi utanitoa kwa nani? Akauliza mara tatu. Baba akakasirika, akamwambia nakutoa kwa Kifo. Kijana akaenda kweli, akangoja mlangoni kwa Kifo usiku tatu, na mwenyeji aliporudi akamkalia na maswali. Akaahidiwa mali, akakataa mali, akataka jibu.

Halafu kulikuwa na Prahlad, mtoto wa mfalme aliyetaka aabudiwe kama Mungu. Mtoto akasema hapana. Baba akajaribu kila njia ya kumwangamiza, hata moto, na mtoto hakubadilika. Sherehe ya rangi ya Holi, ile mnayopigia picha, inabeba kumbukumbu ya moto huo.

Sasa tulia kidogo hapo. Sisi tunasema kumfundisha mtoto dini ni kumfunga akili. Hapa ni mama anayemfundisha mtoto wake dini, na masomo mawili kati ya yale ya mwanzo ni kuhusu watoto waliowabishia baba zao juu ya dini! Mtoto akishabeba hadithi hizo hazibaki upande wa mzazi. Anaweza kukugeuzia.

Niliona ikigeuzwa. Nyumba ile ilikuwa na dada wa kazi, naye alikuwa na mtoto wa rika letu. Mimi jirani nilikaa mkekani. Yule mtoto alisikiliza akiwa kizingitini. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Nakiri sikuona shida yoyote wakati ule, nilikuwa nimeshapata nafasi yangu. Jumapili moja Masi akasimulia juu ya Shabari, mama mzee wa msituni, mtu wa tabaka la kudharauliwa, aliyemchumia Rama matunda na kuonja moja moja ili ampe yaliyo matamu tu. Rama, mwana wa mfalme, akayala hivyo hivyo yakiwa yameumwa. Masi alipomaliza, rafiki yangu akauliza kwa nini yule wa mlangoni hakai nasi. Masi hakujibu. Alinyamaza hadi tukaogopa. Kisha akainuka, akasukuma gunia moja kando na kuvuta mkeka. Wiki iliyofuata tulikuwa mmoja zaidi.

Sitaki kuwapaka mafuta majirani zetu. Kuna watu wameuziana sukari miaka mingi pale Migori na hawajawahi kula meza moja, na hilo halikuisha kwa gunia moja kusogezwa. Ninachosema ni kwamba yule kijana asingekuwa na swali lile kama mama yake angengoja "achague mwenyewe".

Najua utakachoniambia. Shakahola. Na una haki. Mwaka wa 2023 tulifukua miili zaidi ya 400 kule Kilifi, na watoto walikuwa wengi mno. Kisha Aprili 2025 mambo yakaja nyumbani kabisa, Opapo, Rongo, polisi wakawatoa watu zaidi ya 50 waliokuwa wakiishi ndani ya ua la kanisa. Baada ya hayo mzazi kijana akisema hataki mtu yeyote amguse mtoto wake na maneno ya Mungu, mimi siwezi kumcheka.

Ila tazama vizuri waliofuata wahubiri wale. Hawakuwa watoto waliopewa hadithi za kuuliza maswali wakiwa wadogo kisha wakaachwa wakacheze mpira saa kumi na moja. Darasa la Masi lilikuwa saa moja. Mlango ulikuwa wazi, baba yake rafiki yangu alipita akitafuta daftari la madeni, na mtoto wa Msabato alikuwa ameketi humo akisikia kila kitu na kwenda kumsimulia mama yake. Mahali pa kuogopa ni pale ambapo wewe mzazi huruhusiwi kuingia, mtoto harudi nyumbani, na swali linaitwa dhambi. Ukikuta hayo, iwe ni kanisani, madrasani au hekaluni, mtoe mtoto kwanza mengine mtaongea baadaye.

Na usijidanganye kwamba ukinyamaza mtoto atabaki karatasi nyeupe. Mwenye kipaza sauti pale steji hajanyamaza. TikTok haijanyamaza. Binti yangu ananiimbia matangazo ya kamari neno kwa neno, na sikumfundisha mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tulikuwa na darasa letu kabla ya mtu yeyote kuleta lingine. Siwindhe. Nyumba ya dani, watoto wamelala huko, hadithi hadi usingizi. Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi maskini aliyemvua mwanamke mzee kwa wavu wake, akatajirika kwa ajili yake, kisha akamtukana akiwa amelewa, na mwanamke akarudi ziwani na ng'ombe wote wakimfuata. Kijiji cha Simbi kilichomfukuza mgeni mzee sherehe ikiendelea, na leo pale karibu na Kendu Bay ni ziwa. Muulize kijana wa South B Gor Mahia ni nani, atakutajia mfungaji wa mabao. Kwamba alikuwa mganga wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, hana habari. Wasabato walipofungua misheni yao Gendia mwaka wa 1906 walileta darasa la kila wiki, na lilikuwa jema, mimi ni zao lake. Lakini tuliacha lile letu life tukidhani mengine yatatosha. Masi, mwenye watoto watatu na hekalu la mbali, hakudhani hivyo.

Kwa hivyo nimeanza. Usiku binti yangu anasali sala ya mama yangu, ile ile niliyofundishwa, ingawa mimi mwenyewe kanisani naonekana kwa nadra. Akiikataa akiwa na miaka 20, atajua anakataa nini. Na Jumapili saa kumi tunampigia dani wake aliyeko kijijini Ndhiwa. Nusu saa, video ikikubali. Dani anasimulia kwa Dholuo, mtoto anajibu kwa Kiswahili, mimi natafsiri vibaya katikati.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya Nyamgondho. Binti akasikiliza hadi mwisho, ng'ombe wa mwisho alipozama, kisha akauliza kwa nini yule mzee hakusema tu pole. Dani akacheka, akasema, "Muulize baba yako, yeye ndiye mwanamume." Ananiuliza kila siku tangu hapo, na Jumapili ni kesho kutwa.