Wanaoibeza Klabu ya Marubani wa Kompyuta

Wapo wenzetu, baadhi yao wasomi wenye nyadhifa maofisini na wengine walimu waliokabidhiwa dhamana ya kulea vijana, ambao kila wasikiapo kwamba mtu mzima amejiunga na klabu ya marubani wa kompyuta huangua kicheko. Huo, wanadai, ni mchezo wa watoto, tena upotevu wa muda na umeme. Dharau hiyo si ngeni. Ina historia yake, na historia hiyo ililipiwa kwa roho za watu.

Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha vinanda cha baba yake, alichukua mivukuto na pampu za hewa za vinanda hivyo akaunda kindege kisichobanduka ardhini, lakini chenye kuinama, kuinuka na kugeuka kwa kadiri anayekiendesha alivyoshika usukani. Vyuo vya urubani havikukitaka. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani, ambako watu walikipanda kama wanavyopanda bembea. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake, ambao hawakuzoea kuruka gizani na mawinguni kwa kutegemea mitambo peke yake, walianza kuanguka, na katika majuma machache zaidi ya 10 walikwisha kufa. Hapo ndipo wakubwa wa jeshi walipokwenda kununua kile kidude cha bembea. Katika Vita Kuu ya Pili, wanahewa zaidi ya 500,000 walifunzwa kwa mashine ya Link.

Basi anayesema leo kwamba kuigiza urukaji ni upuuzi, na aseme pia ni nani aliyekuwa mpuuzi mwaka 1934.

Hata hivyo hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo wabezaji huyachanganya. Mtu anayejifungia chumbani peke yake na kompyuta anacheza, hilo hatubishi. Akigonga mlima anaanza upya. Akitua katikati ya mji hakuna wa kumuuliza. Lakini yule anayejiunga na wenzake katika mtandao kama IVAO, ulioanzishwa mwaka 1998, au VATSIM, ulioanzishwa mwaka 2001, amejiweka chini ya sheria. Huko anga ni moja kwa wote. Ndege yake inaonekana na wengine, na mnarani yupo binadamu halisi, pengine karani wa benki au mwanafunzi, anayeongoza ndege kwa sauti bila kulipwa hata senti moja. Mwongozaji huyo hakujiteua: alifundishwa na wenzake, nao pia wa kujitolea, akafanya mtihani, akapanda daraja baada ya daraja. Rubani naye haruhusiwi kuiacha ndege yake bila mwangalizi kwa zaidi ya nusu saa. Haruhusiwi kuigiza utekaji nyara. Akitangaza hatari na mwongozaji akamwambia aache, hana budi kuacha mara moja au ajiondoe mtandaoni. Hebu tujiulize ni ofisi ngapi zenye nidhamu ya namna hiyo, tena pasipo mshahara.

Jambo kubwa kuliko yote ni lugha. Rubani anapopewa agizo haitikii tu kwamba amesikia. Hulirudia, urefu wa kupanda, upande wa kugeukia, namba ya njia ya kurukia, na mwongozaji humsahihisha palepale akikosea. Mwenye kudhani kwamba huko ni kupiga porojo na akumbuke Tenerife. Tarehe 27 Machi, 1977, katika uwanja wa Los Rodeos uliogubikwa na ukungu, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Rubani wa KLM alianza kuruka kabla ya kupewa kibali, na maneno yaliyotoka katika ndege yake yalikuwa na utata, hata mnara ukadhani bado anasubiri. Baada ya msiba huo iliamuliwa kwamba neno la kuruka lisitamkwe redioni ila kwa kutoa kibali chenyewe au kukifuta. Mwanafunzi anayejifunza katika klabu kusema neno moja lenye maana moja, na kurudia alichoambiwa kabla ya kutenda, je, huyo anapoteza muda?

Wengine huja na hoja ya gharama. Kujiunga na mitandao hiyo ni bure. Kompyuta kweli yahitajika, na programu ya Microsoft iliyotoka mwaka 2020 inataka kompyuta yenye nguvu na intaneti ya kasi. Lakini FlightGear, iliyoundwa na watu wa kujitolea, imekuwa ikitolewa bure tangu miaka ya 1990. Wapo wanachama wanaojinunulia usukani wa bei kubwa na viti vya urubani ili wapigwe picha, ilhali wakiitwa na mnara hawajui la kujibu. Hao wamenunua samani.

Wala hatusemi kwamba klabu humfanya mtu kuwa rubani. Saa anazoruka nyumbani haziingizwi katika hesabu ya leseni, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini walimu wetu wa jiografia, hisabati na Kiingereza wanaolalamika kwamba vijana hawaoni matumizi ya pembe, kasi ya upepo na matamshi sahihi, wanakataa chombo kinachohitaji vyote vitatu kwa mkupuo.

Mwalimu mwenye mashaka halazimiki kurusha chochote. VATSIM huwaruhusu wanachama kuingia kama wasikilizaji tu. Na aingie jioni moja, afungue masafa ya uwanja wenye shughuli nyingi, akae na kalamu, ahesabu ni mara ngapi agizo limetolewa, limerudiwa na limesahihishwa katika robo saa. Kisha kesho yake ahesabu hayo hayo katika kikao cha walimu.