Magadi Hakuoti Sukuma

Niliua mashina kumi na mawili ya sukuma wiki kwa mikono yangu mwenyewe, na wakati huo wote nilikuwa nikijiona shujaa wa mazingira.

Ilikuwa wakati wa mgao. Kwa ploti yetu mifereji ilikuwa inatoa maji siku mbili kwa wiki, na hizo zikiisha unamngoja jamaa wa mkokoteni: mtungi wa lita 20, shilingi 50. Halafu hapo hapo naiangalia mashine yangu ya kufua ikimwaga ndoo baada ya ndoo kwenye shimo la bafu. Roho iliniuma. Nikachukua ule mpira wa kutoa maji, nikauelekeza kwenye ndoo, na ndoo nikaimwaga kwenye gunia la sukuma kule balkoni. Wiki ya tatu kingo za majani zilikuwa zimekauka kama zimepitishwa motoni. Wiki ya sita udongo ulikuwa na ukoko mweupe, na ukimwagilia, maji yanakaa tu juu yakikuangalia.

Nilipouliza, nikapata kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema maji ya sabuni ni sumu, mwaga na usahau. Ya pili inasema maji ni maji, wacha uoga, mbona shosho alikuwa akimwagia migomba maji ya kufulia na ndizi zilizaa? Mimi nasema kambi zote mbili ni za wavivu. Hakuna hata moja iliyowahi kugeuza pakiti ya sabuni ikasoma nyuma.

Tuanze na shosho, kwa heshima zote. Shosho alifua kwa karai, na kipande cha sabuni ya mche alichokihesabia siku. Maji yake yaliingia kwenye shamba lenye udongo wa kina, na mvua za masika na za vuli zilikuja kusuuza chochote kilichobaki. Wewe una gunia lililo chini ya paa la balkoni ya jirani wa juu. Mvua haifiki hapo. Chumvi ukiitia leo, itakuwepo kesho, na wiki ijayo utaiongezea nyingine.

Na chumvi ipo. Sabuni ya unga si sabuni tupu. Sehemu kubwa ya kile kikombe unachomimina ni chumvi za sodiamu, na mojawapo inayotumika sana ni sodiamu kaboneti. Kwa lugha ya nyumbani hayo ni magadi, ndugu ya yale yanayotupiwa kwenye githeri ili maharagwe yaive haraka. Ziwa Magadi limechimbwa tangu miaka ya 1910 kwa sababu ya kitu hicho hicho. Sasa niulize: umewahi kuona mtu amepanda sukuma kando ya Ziwa Magadi?

Sodiamu haiui mmea kwa kishindo. Inatenganisha chembe za udongo wa mfinyanzi, nazo zinaziba vijitundu vya kupitishia hewa na maji. Mizizi inabaki na kiu ilhali udongo umelowa. Ongeza jiki ya kung'arisha mashuka, na wadudu wadogo wanaoufanya udongo uwe hai nao wanaenda. Sabuni nyingine zina boroni, ambayo mmea unaihitaji kidogo sana, na ukizidisha inaunguza majani.

Kwa hivyo ni salama au si salama? Ni salama, ukijua unamwaga nini. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mwaka 2006 kuhusu kutumia majitaka kwenye kilimo, na maji ya kufulia na kuogea yamo ndani yake. Hakuna mtu anayeandikia miongozo kitu ambacho jibu lake ni "mwaga tu". Maji ya kusuuza mara ya mwisho ni tofauti kabisa na yale ya kwanza yenye povu. Sabuni ya maji kwa kawaida ina sodiamu kidogo kuliko ya unga. Na kila baada ya siku kadhaa gunia linahitaji maji safi ya kutosha kupita hadi chini, yakatoke na chumvi.

Kuna pia jambo ambalo watu wa mazingira hawapendi kulitaja: nepi. Nguo za ndani. Shuka la mtu anayeendesha. Maji ya hizo yana vijidudu, na hayafai kukaribia chakula. Hata maji mengine yamwage kwenye udongo, usiyanyunyize kwenye majani, na usiyaweke ndooni mpaka kesho kwa sababu yataoza na kunuka. Sukuma angalau inapikwa. Dhania yako ya kachumbari inaliwa mbichi, ipe maji safi.

Nasikia mtu akisema, "Kwani mboga za sokoni zinamwagiliwa nini? Si zingine zinakua kando ya mito iliyojaa choo?" Ni kweli, na ni aibu ya jiji hili. Lakini uchafu wa wengine haugeuki kuwa kibali chako. Tunalima kwenye magunia ndio tujue tunakula nini.

Hasira yangu iko hapa. Pakiti niliyokuwa nikitumia ina picha ya maua, ahadi ya harufu ya maua, na maneno makubwa kuhusu weupe. Kuhusu sodiamu, kimya. Tunaambiwa kila siku tuhifadhi maji, halafu wanaotuuzia sabuni hawatuambii kama maji hayo yanafaa kitu baada ya kufua. Waandike. Kiasi cha sodiamu, boroni ipo au haipo, mstari mmoja tu. Biskuti ya shilingi kumi inaniambia ina chumvi kiasi gani. Sabuni inashindwaje?

Nimebadilisha udongo wote wa gunia na kupanda upya. Mpira wa mashine sasa unaingia ndooni wakati wa kusuuza peke yake. Majani mapya ni madogo bado, lakini kingo zake ni kijani. Kwa sasa mama mboga anaendelea kuniuzia sukuma, na kila jioni ananiuliza shamba langu linaendeleaje, akicheka.