Mjusi, Mizani na Sheria Inayotutaka Tujue

Mwaka 2002 Wajerumani waliongeza maneno machache katika Ibara ya 20a ya Katiba yao. Ibara hiyo tayari iliitaka dola ilinde misingi ya asili ya uhai kwa ajili ya vizazi vijavyo. Wabunge wakaongeza "na wanyama". Sheria yao ya Ulinzi wa Wanyama, katika kifungu cha 2, ilikuwa imekwisha kumpa kila mfugaji majukumu matatu: amlishe na kumtunza mnyama kulingana na aina na mahitaji yake, asimnyime nafasi ya kujongea kiasi cha kumtia maumivu, na awe na maarifa na ujuzi unaotakiwa kwa kazi hiyo. Jukumu la tatu ndilo linalonivutia. Sheria nyingi humwambia raia afanye jambo au asilifanye. Hii inamtaka ajue.

Anayejua hutambulikaje? Naomba ndugu msomaji uniruhusu nilijibu swali hili kwa kumtumia mnyama ambaye huenda hujapata kumwona: mjusi wa ndevu wa Australia, anayeitwa na wataalamu Pogona vitticeps. Ni ndugu wa mbali wa yule mjusi mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu anayeota jua juu ya majabali ya Mwanza na Serengeti. Wote ni wa familia moja. Kwao ni nyanda kame za ndani ya Australia, nchi ambayo hairuhusu wanyama wake wa asili wauzwe nje wakiwa hai kibiashara. Hata hivyo, Ulaya na Marekani wamejaa mijusi hawa, vizazi baada ya vizazi vilivyoanguliwa ndani ya matundu ya kioo. Hawajawahi kuona jangwa. Joto, mwanga, msimu, maji na mdudu wa kuliwa, vyote hutoka mkononi mwa mwenye nyumba. Mamlaka kamili kama hayo juu ya kiumbe mwingine ni nadra, na anayetawaliwa hana hata sauti ya kulalamika.

Nilimfahamu mmoja wao nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu huko Ujerumani. Mama mwenye nyumba niliyopanga, mwalimu mstaafu, alikuwa na dume la miaka minane. Aliposafiri kwenda kumwona mjukuu wake aliniachia mjusi, mizani ya jikoni na daftari la mistari lenye safu tano: tarehe, joto la pande zote mbili za tundu, alichokula, choo, na uzito. Nilimwambia nitamtumia ujumbe kila Jumapili kumjulisha kuwa mjusi hajambo. Akanijibu, "Usiniandikie kwamba hajambo. Niandikie gramu." Nimehudhuria vikao vingi vya tathmini tangu siku hiyo, na bado nasubiri kusikia sentensi kama hiyo.

Safu ya joto ilitangulia ile ya chakula kwa sababu nzuri. Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe. Alichokula asubuhi kitameng'enywa iwapo tu mwili wake utapata joto la kutosha, ambalo kwa spishi hii ni takribani nyuzi 35 za Selsiasi. Kwa hiyo upande mmoja wa tundu huwekewa taa inayopasha jiwe hadi nyuzi 40 hivi, na upande wa pili huachwa kwenye nyuzi 25, ili achague mwenyewe mahali pa kukaa. Taa ikiharibika na mwenye nyumba asitambue, nyenje walioliwa hubaki tumboni bila kusagwa, na huweza kuanza kuoza humohumo. Mfugaji mgeni akiona mjusi hataki kula, humbadilishia chakula. Mzoefu hutazama kipimajoto.

Kisha kuna suala la mifupa, ambalo ni suala la utumbo pia. Nyenje anayeuzwa dukani ana fosforasi nyingi mara kadhaa kuliko kalsiamu, ilhali mjusi anahitaji kinyume chake, yaani kalsiamu karibu mara mbili ya fosforasi. Ndiyo maana wadudu hulishwa vizuri kwa siku moja au mbili kabla ya wao wenyewe kuliwa, kisha hupakwa unga wa kalsiamu. Lakini unga huo haufyonzwi ipasavyo bila vitamini D3, na ngozi ya mjusi haiitengenezi vitamini hiyo bila miale ya urujuanimno ya aina ya B. Mnyororo ukikatika popote, matokeo ni matege: vidole hutetemeka, taya hulainika, miguu hupinda. Misuli ya utumbo nayo huhitaji kalsiamu ili isukume chakula, hivyo mjusi wa namna hii hufunga choo, na mwenye nyumba akadhani tatizo ni alichokula jana.

Taa ya urujuanimno inastahili maneno yake yenyewe. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kutegemea aina yake, miale ile isiyoonekana hupungua mno, ingawa taa inaendelea kuangaza kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Jicho halitambui lolote. Mwenye daftari hujua kwa sababu aliandika tarehe aliyoifunga. Asiye nalo huiona inawaka, akaridhika. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanazijua taa za aina hiyo, nami sitazitaja kwa majina.

Kuhusu chakula chenyewe, kanuni hubadilika kadiri umri unavyosogea. Mjusi mchanga hula wadudu kila siku, tena zaidi ya mara moja, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Akikomaa, sehemu kubwa ya sahani inatakiwa iwe majani na mboga, kama vile majani ya haradali na boga lililokunwa, na wadudu wapewe mara mbili au tatu kwa wiki. Spinachi si ya kila siku kwa kuwa oksaleti zake huikamata kalsiamu. Parachichi ni sumu. Kimulimuli mmoja tu anaweza kumuua, na huko Marekani vifo vya namna hiyo vimeandikwa na madaktari wa wanyama. Wengi, hata hivyo, hawauawi na sumu. Huuawa polepole na ukarimu, kwa funza wanono wanaotolewa kila jioni kwa sababu mjusi huwakimbilia na watoto hufurahi kumtazama, mpaka ini linajaa mafuta. Porini nako hula vinono: watafiti waliochunguza matumbo ya mijusi hawa baada ya mvua walikuta mchwa kwa wingi mno. Tofauti ni kwamba porini msimu wa mchwa hupita. Sebuleni haupiti.

Safu ya nne, ile ya choo, ndiyo inayowachekesha wanafunzi wangu ninapoitumia darasani. Choo cha mjusi mwenye afya kina sehemu mbili: ya kahawia iliyoshikana, na nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wake uliogandamana. Nyeupe ikigeuka njano na kuwa ngumu, mara nyingi maji mwilini hayatoshi. Ikiwa choo ni chepesi na kinanuka kupita kawaida kwa siku kadhaa, yawezekana koksidia wamezidi. Vimelea hawa ni wa kawaida kwa mijusi wanaofugwa. Wachache huishi ndani ya mnyama bila kumdhuru, na hata dawa inapotolewa, tundu lisiposafishwa vizuri mjusi huwameza upya kesho yake. Sampuli ikifika kwa daktari ingali mbichi, hadubini hutoa jibu siku hiyohiyo. Ikifika imekauka, pamoja na maelezo kwamba "siku hizi amebadilika kidogo", daktari huanza kubahatisha.

Umuhimu wa mizani huonekana zaidi majira ya baridi. Mjusi mkomavu anaweza kuacha kula kwa wiki kadhaa na kulala kutwa. Ni pumziko la asili, nalo halihitaji tiba. Mjusi aliyezidiwa na vimelea huacha kula na kulala vilevile. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Aliyepumzika hupoteza uzito kidogo sana. Mgonjwa hushuka wiki hata wiki. Dume nililoachiwa lilikuwa na gramu 412 tarehe ya kwanza, 411 wiki iliyofuata, na 409 ya tatu. Halikula chochote muda wote huo, nami nililala usingizi wangu.

Najua kuna mwanaharakati atakayeniuliza kwa nini namwandikia mjusi wa Wazungu wakati zahanati zetu zina upungufu wa dawa. Nitamwelekeza kwa mama yeyote aliyebeba kadi ya kliniki. Mtoto hupimwa kila mwezi, nukta huwekwa, na mstari unaoanza kulala humwonya muuguzi kabla mtoto hajakohoa. Chombo ni kilekile, na kwa sababu ileile: anayetunzwa hawezi kujieleza. Sioni kwa nini kumtendea haki mjusi kuwe ni kumwibia mtoto.

Narudi kwenye sheria. Ujerumani humtaka muuzaji wa biashara ampe mnunuzi maelezo ya maandishi kuhusu mahitaji ya mnyama anayenunua. Ni hatua njema, lakini kwa maoni yangu haitoshi, kwa kuwa karatasi ya maelezo huhusu spishi nzima, na mnunuzi anaondoka na mnyama mmoja. Ningependa sheria ilazimishe jambo dogo zaidi na gumu zaidi: kila mjusi auzwe pamoja na daftari lililokwisha kufunguliwa, likionyesha uzito wake wa wiki za mwisho, alichokuwa akilishwa, joto alilozoea na tarehe ya kipimo cha mwisho cha choo. Wapo watakaosema huo ni urasimu. Ni kweli, ni urasimu wa kurasa nne. Hakuna mkaguzi atakayeingia kila sebule, wala nisingetaka aingie. Daftari ni kwa ajili ya mwenye nyumba na daktari wake. Muuzaji asiyeweza kujaza kurasa hizo anakuwa ameshatueleza jinsi alivyomtunza.

Sisi nasi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na tuna uhusiano wa karibu na biashara hii kuliko wengi wanavyodhani. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa, Lygodactylus williamsi. Kwa miaka mingi alikamatwa kwa maelfu ili akauzwe Ulaya na kwingineko, na mikadi anamoishi ikakatwa ili wakusanyaji wamfikie. Mwaka 2016 mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimweka katika Kiambatisho cha Kwanza, na mwaka huohuo serikali yetu ikasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Siku atakapojitokeza mtu kutaka mlango huo ufunguliwe, kwa mjusi huyu au kwa vinyonga wa Usambara, asianze kwa kutueleza kuhusu fedha za kigeni. Aweke mezani daftari: mnyama huyo anakula nini, kwa joto gani, ana gramu ngapi, na choo chake kilikuwaje siku ya saba ndani ya boksi.