Mwenye duka Kiserian asichague intaneti kwa kutazama kasi pekee

WAFANYABIASHARA wadogo wa Kiserian, mji ulio kando ya barabara ya Magadi chini ya milima ya Ngong, wana njia nyingi za kupata intaneti kuliko ilivyokuwa zamani. Wingi huo, hata hivyo, umefanya uamuzi kuwa mgumu zaidi.

Kabla ya 2009, Kenya ilitegemea setilaiti zilizokuwa ghali na za mwendo wa kobe. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, EASSy ikafuata 2010. Bei zilishuka, lakini kampuni zilitandaza faiba kwanza palipokuwa na wateja wengi. Miji ya kandokando ya Nairobi ilingoja zamu yake.

Ushindani ulishika kasi baada ya kampuni ya Starlink kuingia nchini Julai 2023. Agosti 2024 iliwaruhusu wateja kukodisha mtambo wake kwa Sh1,950 kwa mwezi badala ya kuununua. Mwezi uliofuata, Safaricom iliongeza kasi ya faiba ya nyumbani bila kupandisha bei. Kifurushi cha Sh2,999 kilitoka megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde.

Lakini kufikia Novemba 2024, Starlink ilikuwa imesitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kajiado ikiwemo, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Usajili ulirejea katikati ya 2025. Funzo ni kwamba huduma inayosifiwa mjini kote huenda isipatikane siku mwenye duka anapoihitaji.

Na anaihitaji kweli. Tangu Januari 2024, Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) haitambui gharama za biashara zisizo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile chache zilizoondolewa kisheria. Mwanakandarasi anayenunua saruji na mabati atamkwepa muuzaji asiyeweza kumpa ankara hiyo. Asiyesajiliwa kwa VAT anaweza kuitoa kwa simu ya kawaida kupitia *222#, ila wengi wa waliosajiliwa hutegemea intaneti. Ikikatika mchana kutwa, mauzo huhamia kwa jirani.

Kukatika huko si jambo la kufikirika. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya faiba na ya simu ikazorota Afrika Mashariki. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima, na kifaa cha intaneti kisicho na betri kikawa pambo ukutani.

Kwa hivyo, anayechagua huduma hana budi kuanza kwa majirani wa jengo lake, wala si kwa tangazo. Waya unaweza kufika barabarani na usifike uchochoroni. Awaulize ilikatika mara ngapi miezi mitatu iliyopita, na fundi alichukua siku ngapi kufika.

Pili, apime haja yake. Megabiti 15 zinalitosha duka la vifaa vya ujenzi lenye kompyuta moja au mbili. Saiba yenye kompyuta kumi, au studio inayotuma video, itaelemewa. Hapo kasi ya kutuma ina uzito sawa na ya kupokea.

Tatu, asome mkataba: nani anamiliki kifaa, kuna kikomo cha data, na je, atafidiwa huduma isipokuwepo?

Nne, awe na njia ya pili isiyofanana na ya kwanza. Mwenye faiba aweke kando laini ya data ya kampuni nyingine, pamoja na betri ndogo ya kifaa chake. Sh2,999 kwa mwezi ni kama Sh100 kwa siku. Mteja mmojawapo aliyeondoka bila ankara anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko hiyo.

Anayedhulumiwa alalamike kwanza kwa kampuni, kisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Kwa vile malalamishi huhitaji ushahidi, ni busara kuandika daftarini kila tarehe na saa ambapo huduma ilikatika.